Uzi Wenye Mafundo

Nimekuja Luthuli na uzi mfukoni.
Fundo la kwanza: upana wa dirisha langu kule Zimmerman.
La pili: nafasi iliyobaki kati ya mtungi wa gesi na mto.
Mutisya muuza vinanda anacheka,
"Wenzako huuliza wati, wewe wapima kama fundi cherehani!"

Ananishushia kinanda cha vibonyezo sitini na kimoja.
Kizuri.
Nikikinunua nitalala wima.

Kile cheusi, je? Kinaenea kwenye sinia ya chai,
kinakula betri nne,
na stima ikipotea, maana hupotea, mdundo haukatiki.
Navaa visikizio, nabonyeza:
ngoma inanijaa kichwa kizima
na dukani hakuna aliyegeuka.

Namkumbuka Kwamboka wa ukuta wa pili,
muuguzi wa zamu ya usiku, alalaye mchana,
aliyenibishia ukutani mara tatu, kwa adabu,
nami, Mungu anisamehe, nikazinasa kwa simu.

Bei ni kodi ya mwezi kasoro mia tano.
Nauzungusha uzi kidoleni.
Punguza, Mutisya. Spika baki nazo.
Nina hodi tatu za kuanzia.