Viraka Vitatu

Fundi Mchomvu kapaka viraka vitatu ukutani,
kila kimoja upana wa sinia,
kisha akageuza ndoo, akaikalia, akabwia ugoro.
"Chagueni taratibu," akasema. "Mimi nalipwa kwa siku."

Kushoto ni namba kumi na nne.
Kati, kumi na saba.
Ya kulia sikumbuki; kadi niliiacha dukani,
barabara ya Mawenzi, kwa kijana mwenye kalamu sikioni
aliyeniuliza, "Mama, unataka kijivu kipi?"
kama mtu anayekuwekea mapacha mbele
na kukwambia uondoke na mmoja.

Lugha yetu hukopa rangi kwenye vitu.
Kahawia tuliichuma shambani,
kijivu tulikiokota mafigani,
zambarau tuliila mpaka ndimi zikatusaliti kwa mwalimu.
Hizi tatu hazikukopwa popote. Zina namba tu.
Basi nikazibatiza mwenyewe, kimoyomoyo:
hii ni mbege iliyolala,
hii, Mungu nisamehe, ni maji ya kuoshea mchele,
na ya kati ni moshi, ule wa kuni mbichi
unaojipenyeza kwenye paa siku ya mvua
(mji mzima umelibeba jina hilo, na hakuna aliyelalamika).

Mume wangu Kandaeli anasema zote ni moja.
Kandaeli huyu huyu
anayetenga mgomba wa mshare na wa ndizi ng'ombe
gizani, kwa kugusa jani.

Nikaamka alfajiri, nikasimama mbele yake na kikombe.
Mlima ulikuwa umetoka, mtupu,
dakika zake chache kabla ya kujivuta shuka,
na mwanga wa Julai ukaingia na baridi yake:
mbege ikawa samawati.
Kweli tena, samawati! Nikamwita Kandaeli, hakuja.
Saa nane jua likapiga mabati ya jirani, likaturukia,
maji ya mchele yakawa mekundu kwa mbali, kama ufizi.
Usiku umeme ukakatika,
na viraka vyote vitatu vikafa kifo kimoja.
"Si nilikwambia?" Kandaeli akacheka gizani.

Siku ya tatu akashuka mama mkwe kutoka Kibosho,
Anasiria, na mkungu wake kichwani.
Akatazama ukuta kabla ya kutusalimia.
"Poleni. Nyumba inavuja?"
Fundi akacheka mpaka ndoo ikalia chini yake.
Nikamweleza. Akasogea, akavaa miwani,
akapita kumi na nne, akapita kumi na saba,
akapita ile nyingine,
akasimama kando ya dirisha, nyuma ya kiti cha mkono,
na kidole chake hakikugusa, kilionyesha tu:
"Na hii ni namba ngapi?"

Pale hapakupakwa kitu.
Ni pale baba mkwe alipokuwa akiegemeza kichwa
kila Jumanne akitoka KCMC,
miezi mitano, akingoja gari la kupanda nyumbani.
Doa la mviringo, jeusijeusi pembeni,
katikati limefifia.

"Hayo mafuta ya nywele, bibi," fundi akasema, hana kosa.
"Yanatoka kwa sabuni."

Tukasikia jirani akitwanga. Tukasikia friji.
Nikaliangalia doa, nikaangalia kadi ya kichwani mwangu,
nikaona nilichokuwa nikikizunguka siku zote tatu,
mimi na vikopo vyangu vya robo lita.

"Kumi na saba," Kandaeli akasema ghafla,
sauti ya mtu anayetaja dau mnadani.
Yeye asiyeona tofauti.

Tulinunua ndoo mbili, ikabaki nusu, imo stoo.
Kiti tulikirudisha palepale.
Mama mkwe akija hukaa hapo, haegemei.
Asubuhi ukuta una ubaridi kidogo; mchana hauna shida.
Wageni hawajawahi kuusifu.