Waya Zilizobaki

Kazi yangu ni kusuka mota.
Karakana ya mlango mmoja, Katuba, nyuma ya duka la chokaa:
naletewa pampu iliyoungua, kinu kilichonyamaza,
nalifungua tumbo, natoa shaba nyeusi inayonuka,
nahesabu mizunguko, nasuka upya.
Mia mbili arobaini. Mia mbili arobaini na moja.
Hesabu ndiyo dawa pekee niliyoijua.

Kisha shimo likamfunika Monga, mdogo wangu,
Jumanne asubuhi, yeye na wenzake wanne,
na udongo haukurudisha hata kiatu.
Tangu hapo hesabu ikawa inakatika.
Nafika sitini, naanza tena.
Nafika sitini.
Mota za watu zikarudi zikitoa moshi.

Usiku nililala macho wazi kama samaki wa sokoni.
Mwadi, mke wangu, alisema: ongea.
Pasta alisema: omba.
Daktari alinipa vidonge vyeupe, akaniambia nirudi,
nami nilirudi, na bado narudi,
sitaki mtu adhani namdharau daktari.
Lakini mikono, nani aliiandikia mikono dawa?

Siku moja umeme ulikatika. Nikawasha mshumaa,
nikaokota waya zilizobaki chini ya meza,
nikazikunja bila kufikiri.
Gurudumu. Gurudumu jingine. Usukani.
Kulipokucha palikuwa na baiskeli mezani,
ndogo kama kiganja, imebeba magunia ya makala
yaliyoipita kimo, kama zile zinazoingia mjini alfajiri
zikisukumwa na watu wenye vumbi hadi kwenye kope.
Ndiyo kazi aliyoanza nayo Monga, kabla ya mashimo.
Yeye sikumweka. Niliweka baiskeli tu,
imeegemea hewa.

Kapya, mtoto wa jirani, akachungulia:
"Baba Numbi, mwenye baiskeli ameenda wapi?"
Nikanyamaza muda mrefu.
Hakungoja jibu. Alichukua koleo
akakunja kitu, labda mbuzi, labda kiti.
"Basi, huyu ataichunga."

Kesho yake alileta mwenzake. Mwenzake akaleta shangazi yake.
Mama Kabedi, muuza bukari, alitengeneza sufuria yake iliyoibwa
akaifungia kwa mnyororo, tukacheka.
Marselina, mjane wa mmoja wa wale wanne,
alikunja dirisha kwa siku tatu.
Dirisha tu, bila nyumba.
Hakuna aliyemuuliza.

Mtaa wetu ukaota juu ya meza ile,
nguzo za umeme zimepinda kama zilivyopinda kweli,
bomba la maji, foleni ya madumu, mbwa wa Pasta.
Hatukuwa tunaongea juu ya kifo.
Tulikuwa tunagombania koleo.
Ila mara nyingine, katikati ya ugomvi,
mtu alitaja jina, akaendelea kukunja,
na jina likabaki hapo pamoja nasi, halina haraka.

Sijapona.
Kuna Jumanne ambazo bado nazikwepa chini ya blanketi,
na Mwadi humwambia Kapya: leo karakana imefungwa.
Kapya hupitisha waya chini ya mlango.

Mzee Kyungu ndiye aliyechelewa.
Miaka mitatu hatukusalimiana, kwa sababu ya ukuta,
tofali sita ndani ya kiwanja changu.
Alikuja jioni moja na redio yake mbovu,
akaikongoa shaba yake, akaimwaga mezani,
akakaa kwenye ndoo, bila hodi, bila samahani.
Nilikuwa nasuka mota ya kinu.
Nikafika hamsini na nane. Hamsini na tisa.
Sitini.
Mkono ukasimama.

Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati.

"Sitini na moja," akasema Kyungu,
macho yake chini, akinyoosha waya.