Toleo la Ishirini na Tatu

Mchwa wamelila jina la gazeti.
Limebaki neno la mwisho tu, elimu,
na picha ya inzi mkubwa kama paka,
miguu yake imepewa nambari za Kiajemi.

Babu Dadkarim alitengeneza saa Makadara,
nyuma ya Msikiti wa Mabulushi,
na kila mwaka alituma shilingi sita
ili gazeti litoke Tehrani, lishuke Bandar Abbasi,
lilale Bombei, lizeeke melini,
lifike Kilindini likinuka vitunguu.
Mwezi wa Abani, lasema jalada.
Mombasa, Mei, wasema muhuri wa posta.

Toleo la tisa liliwaonya wasomaji:
mwezi utapatwa, jiandaeni.
Mwezi ulikuwa umeshapatwa, umeshapona.
Makadara walishaswali, watoto walishalala.
Akalisoma hata hivyo, barazani,
akitafsiri mstari kwa mstari,
hata Bi Zarkhatun wa nyumba ya pili akamkata kauli:
"Hayo tumeyaona kwa mato yetu, fundi."
"Mliona. Kivuli kilikuwa cha nani?"
Mtu akasonya. Mtu akaomba chai.
"Chetu," akasema. "Sisi, na nyumba zetu, na hicho kikombe."
Bi Zarkhatun alikitazama kikombe chake
mpaka chai ikapoa.

Darubini tulikuwa nayo kinywani
kabla ya kuwa nayo mkononi:
dur, mbali; bin, kuona.
Babu alipenda kuyafungua maneno kama saa,
kifuniko, springi, gurudumu,
kisha kuyarudisha bila kubakisha skrubu.

Toleo la ishirini na mbili likauliza umri wa ardhi,
likahesabu chumvi ya bahari, joto la miamba,
likafika ukingoni mwa ukurasa: Inaendelea.
Haikuendelea.
Karani Furtado akachoka kutikisa kichwa dirishani.
Labda mhariri alifilisika. Labda alifungwa.
Labda karatasi ilipanda bei, basi.
Nimeandika barua tatu kuuliza. Sijajibiwa.

Lakini chini kabisa ya sanduku
kuna daftari la shule, mistari ya buluu,
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.
Toleo la ishirini na tatu, ameandika. Bei: bure.
Umri wa ardhi: sijui. Walioahidi hawajaleta.
Kisha ukurasa mzima wa viluwiluwi vya mbu
wa birika la msikiti, kwa kioo cha fundi saa:
vyaning'inia kichwa chini, vyapumua kwa mkia,
siku ya nane mbu aruka.

Na pembeni, kwa penseli, mkono mwingine,
herufi za kuparaza kama za mtu
asiyezoea kuandikia wengine:
Vyangu vimechukua siku kumi na mbili.
Mtungi wangu u kivulini.
Sahihi ni herufi moja, zei.