Kilo Kumi na Nne

Mizani ya kahawa tumeiazima kwa Mbusa,
kutu yake inatupaka viganja.
Tumeitundika kwenye boriti ya stoo, hapa Kyanjuki,
tuipime mizigo kabla mlima haujatupima sisi.
Kila mmoja kilo kumi na nne, si zaidi.
Goti langu la kushoto limeshatia sahihi.

Hema: tatu na robo, likiwa kavu.
"Huko halitakuwa kavu," nasema,
na ndugu yangu anaandika nne
kwa uso wa mtu anayelipa faini.
Anaitwa Kule, mtoto wa nne kwa mama yetu.
Kwa Kiswahili jina lake ni mahali: si hapa.

Kamba. Sufuria isiyo na mpini.
Chumvi ya Katwe, nusu kilo, ya kukaushia samaki.
Magambuti, maana kwenye tope la juu
kiatu cha dukani hubaki, mguu ukatoka peke yake.
Viberiti ndani ya kopo la maziwa,
kopo ndani ya kaveera, kaveera ndani ya soksi:
moto ni kichanga, hauvishwi nguo moja.
Kibali cha hifadhi kimekunjwa mara nne;
kinaruhusu ndoana, kinakataza nyavu,
juu ya mvua hakikusema neno.

Kisha maharage.

"Unakwenda kuvua, unabebaje maharage?" Kule akauliza.
"Samaki watajua tumekata tamaa tukiwa bado njiani."
Mimi namwamini samaki aliyekwisha kulala kikaangoni.
Ni Bwambale, wa pili; nilipikia wenzangu tangu na miaka saba.
Yeye kila alipofika, sahani ilikuwa imeshajaa.
Tukabishana mpaka taa ikaanza kufuka moshi,
mfuko wa maharage sakafuni, katikati yetu,
kama mtoto ambaye wazazi wanagombana juu yake.

Ili kunyamazisha kelele nikakunjua ramani:
karatasi ya mfuko wa saruji, kalamu ya bluu.
Siku ya kwanza, mianzi. Ya pili, miti yenye ndevu,
pimbi wakilia usiku kama bawaba za mlango.
Ya tatu, duara: lindi la maji
chini ya jabali lililolala mithili ya nyati.
Hapo tuliwavua kuyu, watu wawili na ndoana moja,
wiki ile mama alipodhani tuko shuleni.
Tulichonga jiwe kwa ncha ya panga: B, K.

Ithungu, binti yangu, alikuwa mlangoni na chungwa.
Alimenya ganda zima bila kulikata, ndipo akasema:
"Jiwe hilo si lile la nyuma ya shule,
pale mto ulipomwaga mawe mwaka wa mafuriko?
Tunaanikia mihogo juu yake.
Lina B na K. Ziko kichwa chini."

Hakuna aliyemjibu.
Miaka yote hiyo nimepita pale na baiskeli.
Niliwahi kuegemea pale, nikafunga kamba za viatu.
Mto umetuletea nyati mpaka mlangoni,
na lindi, je? Lindi halibebeki.
Ama limejaa changarawe, ama limechimbika zaidi,
ama maji yamejichagulia kitanda kingine
na kuyu wakahama nayo, bila kuaga.

Nilitaka kulifuta duara. Wino ulikataa.
Kule akachukua kalamu, akaandika pembeni: *labda*.

Halafu, bila kunitazama, akainua maharage
akayatundika mwenyewe kwenye kulabu. Kilo mbili kamili.
Akatoa shati lake la pili, na redio,
akayatia kwenye mzigo wake, si wangu.

Nami nikafungua kile kijibati
nilichosema hakina maana kubeba chote,
nikazichomeka ndoana zote kumi na mbili
kwenye kola ya koti langu, moja moja.
Mizani haikutikisika.
Tunaondoka Jumatatu, kabla jogoo wa Mbusa hajajua.