Dozi Inayoua Nusu

Mwezi wa saba, Queenborough. Napanda treni ya kwanza,
nabadilisha Sittingbourne,
nakwenda kuhesabu wafu.

Vikombe thelathini mezani, na katika kila kimoja
viluwiluwi ishirini na watano
wamening'inia kichwa chini kwenye ngozi ya maji,
wanavuta pumzi kwa mkia
kama watu walioukuta ulimwengu hivyo, wakanyamaza.

Namgusa kila mmoja kwa ncha ya sindano.
Anayejipinda, yu hai.
Asiyejipinda, namwandika.
Anayetaka kujipinda akashindwa,
huyo kanuni inasema ahesabiwe mfu,
na hapo ndipo kalamu yangu husita.

Mwarobaini huenda taratibu, kama deni:
hauwaui, unawanyima ukubwa tu,
wanabaki watoto mpaka wachoke.
Mchaichai hupiga kwa haraka, kisha husahau.
Lakini mafuta ya makonyo!
Nilipozibua chupa chumba kizima kikawa Wete,
mama anageuza karafuu mkekani, anatazama wingu.
Dokta Rhian akapiga chafya:
"Panukaje kama kwa daktari wa meno?"
Chupa haikuandikwa kisiwa.
Iliandikwa namba.

Tunatafuta dozi inayoua nusu.
Ndivyo ukali wa dawa unavyopimwa hapa,
si kwa kuua wote. Nusu.
Hesabu hiyo niliijua kabla sijaifunzwa.
Dada yangu aliwalaza pacha wodini,
kitanda kimoja, homa moja.
Alirudi na mmoja mgongoni.

Kikombe cha mwisho hakitiwi mafuta.
Hicho ni cha kulinganishia; wakifa hao, kazi yote bure.
Basi nawasagia chakula cha samaki,
nawafunika shashi,
na jioni, kabla sijazima taa,
mimi, mtoto wa mama yangu,
namwomba Mungu awape mbu uzima.

Pembezoni mwa safu ya vifo niliandika:

    Za mwizi arobaini, mbu nawe zimefika,
    Mwizi wa damu majini, leo pipa nafunika,
    Makonyo ya kisiwani, bahari yamezivuka,
    Nahesabu kwa makini, nusu moja yanicheka.

Dokta Rhian akauliza ni nini hicho.
Nikamwambia, maelezo.

Bwana Wickenden, mwenye nyumba, ana pipa la mvua
nyuma ya banda. Ananivulia soksi:
"Ona, wananila. Niletee hiyo yako."
Ya maabara haitoki. Nikanunua kichupa dukani,
nikakikoroga na tone la sabuni,
nikamimina kwa mkono uliozoea vipimo vidogo zaidi.
Tukasimama pale, wanaume wawili na pipa.
Akasema hapa napo palikuwa na homa,
homa ya vinamasi: leo unatetemeka, kesho unalima,
keshokutwa unatetemeka tena.
Bibi wa bibi yake alizaa tisa
akalea wanne.
Akaelekeza kidole kanisani, kwenye mawe yaliyoinama.
Majina yameliwa na ukungu.

Sikujua.
Nilidhani kifo kile kina pasipoti yetu peke yetu.

Usiku ule nilihesabu bila kutaka: tisa, wanne.
Karibu na nusu. Si nusu kamili.
Dawa gani ile, na nani aliyekuwa akiandika?

Siku ya tatu jua lilikuwa kali, jua la nadra,
na mafuta ya mti hayana subira na jua.
"Harufu imekwisha," alisema Bwana Wickenden dirishani,
kikombe cha chai mkononi, bila lawama.
Nikaenda na viatu vya ndani.
Majani mawili, unyoya wa njiwa,
uso wangu mweusi ndani ya mbingu yao,
na karibu na ukingo, peke yake, kichwa chini,
mmoja.

Sindano sikuwa nayo.
Nikachovya kidole.

Akajipinda.