Chongo

Kanda tuliikodi duka la Koya, Ruwi,
baisa mia tatu kwa usiku mmoja.
Ubavuni mtu kaandika kwa wino wa buluu:
NYOTA. SI HARUSI.
Maana kwa Koya mambo yalichanganyika.

Mwaka themanini na nne, Wadi Kabir,
kiyoyozi kinadondokea ndani ya ndoo,
sisi tisa juu ya busati
na Shangazi Zeyana kwenye kiti pekee.
Rimoti ilikuwa mimi.

Kiingereza hakukijua. Nyumba nzima hapana,
ila Hafidh, naye alijua namba tu,
mwisho kumi na mbili.
Basi shangazi akatufasiria.

Chombo kilichomoza gizani, kikubwa, kimechoka,
kimejaa viraka kama suruali ya fundi makenika,
taa moja inawaka, ya pili imekufa.
"Huyo Chongo," akasema, na jina likakaa.

Nahodha wake kijana wa koti la kuazima;
hakuna bandari ya angani asikodaiwa.
"Mdaiwa. Mwangalieni anavyoingia mahali:
kabla ya salamu anatafuta mlango wa kutokea."
Hata leo sijaona mwigizaji
anayejua kutazama mlango kama yule.

Kisha mtu wa bati, mabega mraba,
hatua zake masufuria yakiporomoka ngazini.
Debe. Angeitwa nani mwingine?
Alihesabu vimondo, risasi, pumzi za watu,
na kila alipomaliza hesabu
shangazi alimpa sauti nyembamba, ya puani:
"Mmekula lakini?"

Adui hakufoka hata mara moja.
Alinong'ona, glavu nyeupe, kidevu juu,
kama karani anayekurudishia fomu.

Na malkia, yule ambaye sayari yake ililipuka
hatujamaliza kugawana njugu.
Hakulia. Alijifunga nywele,
akasema neno fupi, akatazama dirishani.
Hapo mfasiri wetu akanyamaza.
Tulisikia ndoo: tone, tone.
"Kasema nini, Shangazi?"
"Kasema funguo za nyumba bado anazo."

Walipotua sayari ya tano
(mawe meusi, milima iliyochanika, jani hakuna)
Suud akaruka: "Nyuma ya kwetu!"
Na kweli, ufungue tu dirisha la jikoni.
Asubuhi tulipanda, masufuria vichwani, kumtafuta Debe.
Tulikuta mbuzi mmoja na kopo la maziwa.
Tukarudi na kopo.

Lakini usiku ule, vita vimepamba moto,
Debe kabaki nyuma kuzuia mlango wa chuma,
picha ikatetemeka, ikakatika,
na kioo chote kikajaa
harusi ya watu tusiowajua,
maua shingoni, wali kwenye majani ya mgomba.
Koya!
Shangazi hakupepesa.
"Naam, wamefika salama. Karamu yao hiyo.
Debe yule pale nyuma, kashika sinia."
Tukamwona. Wallahi tulimwona.

Mwezi uliopita waliirudisha, imesafishwa,
sinema ya Seeb, maandishi ya Kiarabu chini.
Nikaenda na Muzna, binti wa Hafidh.
Masharubu ya Mdaiwa yalikuwa yakibanduka upande.
Malkia alisema, "Nipeni nusu saa,"
basi, hayo tu.
Na Debe alibaki mlangoni akihesabu kurudi nyuma,
tisa, nane, sauti nzito, haina pua,
mpaka moja, mpaka giza.
Nikangoja. Sinia halikuja.
Midomo yangu ikajisemea yenyewe, polepole:
mmekula lakini?

Vijana wa safu ya nyuma walicheka,
kwa sababu sasa uzi unaonekana,
uzi mweupe unaoning'iniza chombo kati ya nyota.

Majina yakapita, yote, hata ya washona glavu.
Muzna akaninong'oneza: "Ammati, uzi umeuona?
Na taa moja mbovu tangu mwanzo. Chongo kabisa."

"Kengeza," nikamwambia,
nikainama kutafuta viatu vyangu gizani.