Kundi la Bibi Tsevelmaa

Septemba, mjini Darkhan, chumba namba kumi na nne.
Dirisha halifungiki sawasawa, na upepo wa nyika
unautikisa ulimi wa moto wa taa ya spiriti.
Mwalimu Dulamsuren hapendi upepo.
"Kila chembe ya vumbi," asema, "imebeba abiria."
Akaziba ufa kwa gazeti, akanawa mpaka viwikoni,
akaanza.

Kitanzi cha waya: kichome kiive chekundu,
kisha subiri kipoe. Hapo ndipo tulipoanguka wengi.
Tuguldur hakusubiri; agari ililia tsss
na waliokuwa hai wakafa kabla hatujawajua.

Mimi nilileta airagi, maziwa ya farasi yaliyochachuka,
nusu chupa ya chai, kutoka mfuko wa ngozi wa bibi yangu
uliotundikwa kushoto ukiingia hemani.
Kila apitaye huusukuma mchi mara kadhaa:
ndiyo kodi ya mlango.
Bibi hajapata kumwona bakteria.
Ila kila kiangazi humimina mapya juu ya ya zamani,
na chachu ya mama yake mpaka leo
inafanya kazi bila mshahara.

Mililita moja ndani ya maji tisa. Tikisa.
Moja ya hiyo ndani ya tisa nyingine.
Mara sita, hadi neli ya mwisho ikang'aa kama maji ya kunywa
nami nikaona haya:
nimeuzimua urithi wa ukoo
haukubaki hata ukungu.
"Ngoja," alisema mwalimu. Neno lake kubwa ni hilo.

Visahani vikalala kifudifudi,
jasho la kifuniko lisiwadondokee,
siku mbili katika joto la mwili wa mtu.

Nilipofunua niliketi.
Nukta nyeupe, kila moja kijiji
kilichoanzishwa na mhamiaji mmoja asiye na mke.
Nikazihesabu kwa kalamu chini ya kioo:
mia moja arobaini na tatu.
Ongeza sufuri sita.

Kwa rangi, Tuguldur alitutungia beti moja
tuikariri huku vidole vikiwa zambarau:

*Urujuani dakika, kisha maji taratibu,*
*Iodini kuishika, iwe kamba ya karibu,*
*Pombe kali ikishuka, hesabu, usiharibu,*
*Safranini yafunika, ndipo utapata jibu.*

Tone la mafuta, lenzi ndefu ikashuka
polepole, nusura ivunje slaidi,
na ghafla wamo: fito za urujuani,
mbili mbili, nyingine mkufu,
na kati yao hamira, wanene kama matumbo ya majike yenye mimba.
Pembeni, vitatu vidogo
vya rangi ya waridi.

Jioni nikampigia simu. Mtandao ulikatika mara mbili.
"Bibi, nimewahesabu walio katika airagi yako.
Milioni mia moja arobaini na tatu katika mililita moja."
Kimya. Ng'ombe akalia upande wake.
Bibi ana majike arobaini na mmoja, na hajawahi kuyahesabu kwa kidole;
hutupa jicho tu, akajua yupi hayupo.
"Idadi nimeisikia," akasema. "Rangi je?"
"Urujuani, Bibi. Na watatu wa waridi."
"Wa waridi si wangu," alijibu papo hapo.
"Tazama chapa yao ni ya nani."

Nikatazama dole gumba langu, lile
lililogusa ukingo wa slaidi nikidhani hakuna aonaye.

Kesho yake visahani vyote vikaingia tanuri la mvuke,
dakika kumi na tano, vijiji na waanzilishi wake.
Nilisimama mlangoni kidogo kuliko ilivyohitajika,
kisha nikarudi nikaandika daftarini, kwa wino:
*Wageni watatu. Mwenyewe ni mimi.*
Mwalimu akapiga tiki hapo tu,
akaniagiza nikanawe.